Namna ya kutambua sarafu zenye kosa la kiwandani kwenye chenji yako, kwa sisi tuliopo Marekani

Jamani naandika hii kwa sababu kwenye grupu letu la WhatsApp haipiti wiki bila mtu kuweka picha ya peni imechubuka anauliza "wakuu hii inaenda shilingi ngapi, TikTok wanasema dola elfu kumi", na nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, sasa bora niandike yote sehemu moja. Mimi nafanya kazi kaunta ya kituo cha mafuta hapa Columbus, Ohio, chenji inapita mkononi mwangu siku nzima, na hii kitu naipenda kweli, nimekaa nayo miaka. Inaniuma nikiona mtu ameshikilia senti iliyokanyagwa na gari kama dhahabu, afu kota ya maana kaitumbukiza kwenye mashine ya kufulia.

Tukubaliane majina kwanza: peni ni senti 1, nikeli ni 5, daimu ni 10, kota ni 25.

Kabla hujashika lenzi lazima ujue sarafu inatengenezwaje, ukiruka hapa utadanganyika maisha yako yote. Kiwandani wanachukua bati refu la chuma wanatoboa visahani vya mviringo, vitupu, havina picha. Vinapashwa moto vilainike, vinapitishwa kwenye mashine inayobana pembeni ili ukingo uinuke, afu kila kisahani kinaingia katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa upande wa kichwa na mmoja wa upande wa pili, kikiwa kimezungukwa na pete inayokizuia kisitanuke, na hapo kinapigwa kwa nguvu mara moja, basi sarafu imezaliwa. Kosa la kweli lazima litokee ndani ya hizo hatua. Kisahani kilitobolewa vibaya, au muhuri ulikuwa na ufa, au pete haikukaa, au kisahani cha daimu kimepotelea kwenye mashine ya kota. Kwahiyo ukiona kitu cha ajabu jiulize swali moja tu, hiki kingetokeaje kiwandani? Ukikosa jibu, hayo ni majeraha ya mtaani.

Na kuna kipimo kimoja natumia kila siku. Kilichovimba kimetoka kwenye muhuri, kilichozama kimetoka barabarani. Yani muhuri ukipata ufa, chuma cha sarafu kinaingia ndani ya ule ufa wakati wa kupigwa, kwahiyo kwenye sarafu unaona mstari ulioinuka juu, pitisha kucha utausikia. Lakini sarafu ikikwaruzwa na ufunguo au lami, mstari unazama. Sio sheria ya asilimia mia, maana kuna wakati uzi au grisi inaingia kati ya muhuri na kisahani na inaacha alama iliyozama, ila kwa anayeanza itakuokoa na mengi.

Vifaa sio vingi. Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, kama ile ya sonara, mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01, sumaku, na taa moja ya mezani unayoweza kuisogeza pembeni. Mwanga wa kutoka juu unafuta kila kitu, weka taa chini kidogo kwa ubavu afu zungusha sarafu polepole, utaona herufi zinavyotupa kivuli. Na shika sarafu kwa ukingo, sio kwa uso, mafuta ya vidole yanaacha alama ambayo haitoki.

Mama mmoja wa kanisani kwetu aliniletea daimu ameifunga kwenye leso, ndogo kuliko kawaida, ukingo umekuwa mnene umejikunja kwa ndani hadi unameza vichwa vya herufi, na uso una rangi ya moshi. Alikuwa na matumaini makubwa na mimi nilitamani iwe kweli. Ila niliishika nikajua, hiyo ilinasa ndani ya draya ya nguo ikazunguka humo miezi au miaka, ikawa inagongwa pembeni kila mzunguko mpaka chuma kikarudi ndani. Pale kiwandani hakuna hatua inayoweza kukunja ukingo kuja ndani namna ile huku katikati pamebaki sawa. Nikamwambia "mama, hii ni ya draya", nikamuonyesha kwa lenzi mwenyewe, na tangu siku hiyo yeye ndo anawaambia wenzake. Zipo nyingi sana hizi, ukiona ukingo mnene uliokunjwa usisumbuke.

Nyingine ya kukuchanganya ni peni yenye picha iliyogeuzwa, herufi zimeandikwa kinyume zimezama juu ya uso wa Lincoln, yule rais aliye kwenye peni. Mtu amebana peni mbili pamoja kwenye jiliwa au kazigonga na nyundo, ya pili ikaacha alama. Kosa halisi la aina hiyo lipo, sarafu iliyopigwa ikabaki imenasa kwenye muhuri ikaja kuchapa sarafu inayofuata, lakini hapo upande mzima unakuwa na picha iliyogeuzwa, sio kipande juu ya picha iliyopo. Na ile ya vichwa pande zote mbili ni ya wanamazingaombwe, wamekwangua sarafu moja ndani wakapachika nusu ya nyingine, chungulia ndani ya ukingo utaona mstari wa kiungio, idondoshe mezani inatoa mlio mzito hailii kama zenzake.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, herufi kujirudia, wenyewe wanaita dabo dai. Hapa ndo watu wanapotea zaidi kwahiyo nitakaa kidogo. Zamani muhuri ulikuwa unatengenezwa kwa kukandamizwa na chuma mama chenye picha, na ilibidi ukandamizwe zaidi ya mara moja ili picha iingie vizuri. Kama mara ya pili ulikaa umepinda hata kidogo, muhuri unabaki na picha mbili, na kila sarafu itakayopigwa na muhuri huo itatoka na picha mbili zilezile mahali palepale. Hiyo ndo yenye thamani. Lakini kuna kujirudia kwingine kunakotokea muhuri ukiwa umelegea kwenye mashine, unapiga afu unateleza kidogo unaisukuma herufi pembeni, na hiyo ni ya kawaida mno haina bei. Tofauti yake iangalie hivi: dabo dai ya kweli herufi inakuwa nene, zote mbili zina mgongo wa mviringo, na kwenye pembe za herufi unaona mpasuko kama ulimi wa nyoka. Ile ya muhuri kulegea herufi inakuwa nyembamba, na pembeni yake kuna kitu bapa kama ngazi, kinang'aa, kiko chini. Ukiona ngazi bapa, achana nayo. Na peni za zinki, kuanzia katikati ya 1982 kuja huku, ngozi ya shaba huwa inapasuka kando ya herufi ikaonekana mstari wa kijivu, na pia zinatoa malengelenge, hayo yote sio dabo dai.

Mfalme wa hizi ni peni ya 1955 ya Philadelphia, ile haina herufi yoyote chini ya mwaka (ile herufi ndogo inakuambia kiwanda, D ni Denver, S ni San Francisco). Mwaka wenyewe, LIBERTY na IN GOD WE TRUST vimejirudia wazi huhitaji hata lenzi. Zilitoka elfu ishirini na kitu, na nyingi ziliingia mtaani kupitia mashine za kuuzia sigara, zilikuwa zinabandikwa kwenye pakiti kama chenji ya mteja. Leo inavuka dola elfu moja. Angalia usichanganye na 1955 ambayo ni 5 ya mwisho tu imejirudia kwa sababu ya muhuri kuchakaa, hiyo ni ya bei chee. Ya 1969 yenye S ni ghali zaidi, na mwanzoni serikali ilizikamata baadhi ikidhani ni feki. Ya 1972 isiyo na herufi nayo inajirudia vizuri, mia kadhaa za dola. Ila kwa chenji ya sasa hivi, tuwe wakweli, yako ni ya 1995, isiyo na herufi, angalia LIBERTY na IN GOD, hiyo bado inazunguka na inaenda dola kumi hadi hamsini kutegemea na usafi wake. Geuza na ya 1983, maandishi yote ya nyuma yamejirudia, na ya 1984 mwangalie Lincoln chini ya sikio, ana ndewe mbili.

Nyuma ya peni kuna kitu kingine kizuri, neno AMERICA. Miguu ya A na M inatakiwa iwe imegusana au karibu kabisa kwenye peni za kawaida za 1998, 1999 na 2000, ukikuta imeachana kwa nafasi inayoonekana, weka pembeni, ya 1999 ndo adimu kuliko zote tatu. Ya 1992 ni kinyume chake, kawaida zimeachana, ukikuta zimegusana hiyo ni maelfu ya dola, usimuonyeshe kila mtu.

Daimu ya 1982. Shika hii. Kuanzia 1980 daimu za Philadelphia zinakuwa na herufi P juu ya mwaka, na enzi hizo ile herufi ilikuwa inapigwa kwa mkono kwenye kila muhuri, sasa 1982 mtu akasahau, muhuri ukaingia kazini bila P. Nyingi zilionekana hukuhuku Ohio, Sandusky, kwenye chenji ya bustani ya michezo ya Cedar Point. Lakini usije ukaniletea daimu ya 1975 isiyo na herufi ukasema imekosewa, kabla ya 1980 Philadelphia haikuwa inaweka P kwenye daimu. Na 1965, 1966 na 1967 hakuna sarafu yenye herufi hata moja nchi nzima, kwahiyo zile video za "kota ya 1965 isiyo na herufi ni milioni" ni uongo mtupu, watu wanatafuta watazamaji.

Kota ya Wisconsin ya 2004 yenye D, nyuma ina ng'ombe, jibini na gunzi la mahindi. Angalia kushoto kwa gunzi, kati yake na jibini, kuna baadhi zina jani la ziada, ama linapanda juu ama linashuka chini. Ziligunduliwa Tucson, Arizona, mwishoni mwa 2004, na San Antonio pia zilionekana. Bei makumi ya dola, zilizo safi zinapanda zaidi. Ya Kansas ya 2005 yenye P kuna ambazo grisi iliziba T kwenye muhuri ikasomeka IN GOD WE RUST, hizo dola chache tu lakini zinafurahisha. Nikeli ya 2005 D yenye nyati, kuna ambayo ana mstari ulioinuka unamchoma mgongoni kama mkuki. Na dola ya 2007 ya rais Washington, mwaka na maandishi viko ubavuni, vilikuwa vinachapwa na mashine nyingine, kuna nyingi zilipita bila kuingia kwenye hiyo mashine, ubavu mtupu. Ukipokea dola za chuma angalia ubavu kabla hujatumia.

Wakati unaangalia kota, tazama kama ina W, ya 2019 au 2020, iko karibu na kisogo cha Washington. Hiyo sio kosa, ni ya kiwanda cha West Point, walipiga milioni 2 tu kwa kila picha wakaziachia mtaani kwa makusudi watu watafute. Inalipa zaidi ya senti 25 kwa mbali, na mimi nimeshazipata kwenye droo ya kazini, nalipia kwa kota yangu naichukua, usichukue ya kazini bila kulipia.

Makosa ya umbo ni rahisi kuyaona. Picha imehama pembeni na kuna sehemu tupu, inayopendwa ni iliyohama karibu nusu huku mwaka bado unasomeka, ikihama kidogo tu haina pesa. Iliyokatwa kipande cha mviringo kama imeng'atwa, hapo kuna siri: angalia ukingo wa upande wa pili, mkabala na mng'ato. Kwenye ya kweli ukingo huo unakuwa dhaifu, umefifia, kwa sababu wakati kisahani kinabanwa pembeni upande wenye pengo haukuwa na kitu cha kusukumana nacho. Aliyekata kwa msumeno nyumbani hawezi kuiga hilo.

Mizani sasa. Peni ya shaba ni gramu 3.11, ya zinki 2.5, nikeli 5, daimu 2.27, kota 5.67. Mwaka 1982 walipiga peni za aina zote mbili, shaba na zinki. Ya 1983 ikisoma 3.1 simama hapohapo, hiyo haikutakiwa kuwepo, ni kisahani cha zamani kilichobaki. Ya 1982 D yenye tarakimu ndogo za mwaka na uzito wa shaba nayo ni hivyo, ya kwanza ilitambuliwa 2016 tu, yani miaka 34 ilikuwa inapita mikononi mwa watu. Kota yenye rangi ya shaba upande mmoja usishangilie mpaka upime, kama tabaka la juu limekosekana kweli itashuka chini ya gramu 5, ikibaki 5.67 basi ilikaa ardhini ikabadilika rangi. Na daimu au kota ya 1964 kurudi nyuma ni fedha asilimia 90, sio kosa ila usiitumie dukani.

Sumaku ni kwa ajili ya peni ya 1943. Mwaka ule shaba ilienda vitani, wakapiga za chuma chenye zinki, zinanata kwenye sumaku. Chache zilipigwa kwa shaba kimakosa. Kijana wa miaka 16 aliipata moja kwenye chenji ya kantini ya shule Pittsfield, Massachusetts, 1947, akaitunza maisha yake yote, ikauzwa Januari 2019 kwa dola 204,000. Ndo maana mitandaoni zimejaa 1943 za chuma zilizopakwa shaba. Sumaku ikinata, imeisha. Isiponata na uzito ni 3.11, angalia 3 kwa lenzi maana kuna wanaochonga 8 ya 1948 iwe 3.

Wa Uingereza, yenu kubwa ni sarafu ya 20p isiyo na mwaka kabisa, ya 2008, walipobadilisha picha mwaka ukahamishwa upande wa Malkia, lakini muhuri wa zamani wa Malkia ukatumika na picha mpya, mwaka ukakosekana pande zote. Nyumbani nako kanuni ni zilezile. Kenya, zile koini za rangi mbili, tazama kama kitovu kimekaa pembeni kikamwagikia kwenye pete. Lakini shilingi 40 ya 2003 yenye sura ya Kibaki sio kosa, ni ukumbusho wa miaka 40 ya uhuru, na anayekuambia atainunua kwa mamilioni ukimtumia kwanza ada ya usajili ni mwizi, mblock. Tanzania kuna wenye heller 20 za Tabora za 1916, zile Wajerumani walizipiga kwenye karakana ya reli vita vikiwa vimewabana, hizo zimepinda zimefifia karibu zote, kwahiyo kasoro hapo haiongezi kitu, wakusanyaji wanazipanga kwa ukubwa wa taji na mikia ya herufi L.

Ukishapata, usioshe. Narudia, usioshe. Mimi niliwahi kuipata peni ya 1972 ya dabo dai, nyeusi, nikaisugua kwa ndimu na chumvi kama tunavyosugua sufuria za shaba nyumbani, ikang'aa kama mpya. Nilipoipeleka duka la sarafu yule mzee aliiinamisha kwenye taa, nikaiona mwenyewe mikwaruzo midogo imeelekea upande mmoja, akanipa bei ambayo ilikuwa chini ya nusu. Iweke kwenye kikaratasi kigumu chenye dirisha la plastiki, vinauzwa kwa ajili hiyo, usitumie plastiki laini ya mfukoni maana baada ya muda inatoa ukijani.

Bei usiangalie zile watu wanazoomba, angalia zilizouzwa tayari, eBay ina sehemu ya kuchuja hizo. Kampuni za kuthibitisha kama PCGS na NGC wanakutoza makumi ya dola ukijumlisha na posta, kwahiyo sarafu ya dola 30 huipeleki huko, ya mia kadhaa unapeleka.

Na kama chenji haitoshi nenda benki ukaombe roli, yani sarafu zilizofungwa pamoja kwenye karatasi. Roli ya peni ina sarafu 50, boksi zima dola 25. Nikeli boksi dola 100, daimu 250, kota 500. Peni waliacha kuzipiga kwa matumizi ya kawaida Novemba 2025, bado ni pesa halali lakini zitazidi kuwa chache, kwahiyo nunua maboksi yake sasa. Ukimaliza kukagua rudisha kwenye benki nyingine, sio ile uliyonunua, la sivyo wiki ijayo utaletewa zilezile ulizozikagua. Mimi boksi la peni nalimaliza jioni mbili, na za daimu naenda kuzichukua juu kule Sandusky nikipata off, ni kama masaa mawili kwa gari, ile ya 1982 bila P bado sijaishika.